Mchoraji na Kijiji Chake: Kazi ya Sam Ntiro

Tuzungumzapo sanaa za taifa letu, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago vya Wamakonde na ushairi. Uchoraji wa rangi za mafuta hautajwi sana, na hata ukitajwa huambatana na shaka. Huulizwa: sanaa hii, ambayo vifaa vyake na mafunzo yake vilikomaa Ulaya, yaweza kuitwa yetu? Swali hili halifai kupuuzwa, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Njia bora ni kuitazama kazi ya mchoraji mmoja, tuone alivyofanya kazi na alichokipata. Tumemchagua Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisomea sanaa Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wachore maisha wanayoyajua badala ya kuiga picha za Ulaya. Kisha, katika miaka ya 1950, alisoma London katika shule ya sanaa ya Slade, akarejea Makerere kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alipelekwa Uingereza kuwa Balozi wetu. Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni serikalini, na akafundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Msomaji atambue kwamba katika maisha hayo yote brashi haikuwa kazi yake ya pekee. Alikuwa mwalimu, mwanadiplomasia na mtumishi wa umma, na pamoja na hayo akaendelea kuwa mchoraji.

Yafaa tueleze kifaa chenyewe, maana hatuwezi kuihukumu kazi ya fundi tusiyeijua zana yake. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, hasa yale yatokanayo na mbegu za kitani. Huchorwa juu ya turubai iliyowambwa katika fremu, ikapakwa gundi na rangi ya msingi ili mafuta yasiiozeshe nguo. Rangi hii haikauki kwa kupoteza maji kama chokaa ukutani, bali mafuta yake hushika hewa na kuganda polepole, kwa siku nyingi. Kwa hiyo mchoraji hupata nafasi ya kuchanganya, kufuta na kurudia. Lakini pia hufungwa na sheria: tabaka la chini liwe na mafuta machache, na la juu liwe na mafuta mengi zaidi, akikiuka, picha huja kupasuka. Ni kazi ya subira. Mwenye pupa haimfai.

Subira hiyo inalingana vema na jinsi Ntiro alivyoumba picha zake. Chanzo chake kilikuwa kumbukumbu. Akiwa Kampala au London, mbali na kwao, alichora migomba, njia za mlimani, watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakisherehekea. Mwaka 1953 alitoa kitabu kwa Kiswahili, Desturi za Wachagga. Na sisi twaona kwamba kitabu hicho na picha zake ni ndugu wa tumbo moja. Katika vyote viwili kuna mtu aliye mbali na kwao anayekusanya mambo ya kwao yasije yakapotea.

Tuichukue picha moja. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Ni picha ndogo, ya sentimita 41 kwa 51 hivi, yaani si kubwa kuliko dirisha dogo la nyumba. Hebu tufikiri ugumu wa jambo alilojitwisha. Usiku huficha rangi, na rangi ndiyo lugha ya mchoraji. Pombe nayo si pombe tu: katika desturi za Wachagga, mbege huunganisha koo, na bila ya hiyo maneno ya posa na arusi hayakamiliki. Hapa mchoraji hakuchagua uso wa bibi arusi, ambao wachoraji wengi wangeukimbilia. Alichagua safari ya wale wanaobeba. Kwa uchaguzi huo alisema kwamba arusi ni kazi ya ukoo mzima.

Wanafunzi huuliza mara nyingi kwa nini watu wa Ntiro ni wadogo, na nyuso zao hazina mambo mengi. Wengine hudhani hakujua kuchora mtu. Dhana hiyo haisimami. Slade ilikuwa na mapokeo ya muda mrefu ya kuchora umbo la binadamu kutoka kwa mtu halisi aliyesimama mbele ya wanafunzi. Ntiro aliyapitia mafunzo hayo, kisha akarudi kwenye namna yake. Basi twasema kwamba usahili wake ulikuwa uamuzi. Kwake mtu hujulikana kwa kazi anayoifanya pamoja na wenzake, na kwa mlima anaosimama juu yake.

Hata hivyo, kuheshimu si kusifu kila kitu. Kasoro tunayoiona ni kwamba katika vijiji vya Ntiro amani imezidi. Jembe halichoshi mkono, wala majirani hawagombei mpaka. Nasi twajua kwamba katika miaka ile ile ardhi ilikuwa haba Kilimanjaro, na vijana walikuwa wakiondoka kutafuta riziki kwingine. Mtu atajibu kwamba chini ya utawala wa kikoloni, kuwaonyesha Waafrika wakijifanyia kazi yao wenyewe, bila ya msimamizi, kulikuwa ni tamko la heshima. Jibu hilo lina uzito, nasi twalikubali. Lakini baada ya uhuru taifa lilihitaji pia picha ya shida zake, na kijiji kisicho na shida ni nusu ya kijiji. Nusu hiyo aliyoiacha ni deni kwa wachoraji waliomfuata.

Turudi kwenye swali letu la awali. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za viwandani, za aina ipakwayo baiskeli, juu ya mbao laini za dari. Hakuna asemaye kwamba sanaa yake si yetu kwa sababu rangi ilitoka kiwandani. Basi na mafuta ya kitani tuyapime kwa kipimo hicho hicho. Chombo huwa cha yule anayekitumia kusema lililo lake. Kiswahili chenyewe kimepokea maneno kutoka pande nyingi, na hakikukoma kuwa Kiswahili.

Jambo linalotusikitisha ni jingine. Ile picha ya mbege ilichukuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Hiyo ni heshima, na hatuilaumu. Lakini mwanafunzi wa Machame hawezi kusimama mbele yake aone alama za brashi. Picha ya desturi za babu zake iko ng'ambo ya bahari. Taifa lisilotunza picha zake huja kuziomba kwa wengine.

Kwa hiyo walimu tunaombwa tusingoje turubai wala rangi za bei kubwa. Ntiro alianza kwa kutazama na kukumbuka. Mwanafunzi apewe mkaa na karatasi, aambiwe achore kazi moja ifanywayo kwao na watu zaidi ya wawili. Na asifiche jasho lao.