Miaka Mia Tatu ya Wanawake Wawili

Watungaji wengi wa hadithi za sayansi wameafikiana juu ya jambo moja: kwamba mtu apewaye umri usio na kikomo hatimaye huchoka na dunia. Mwafaka huo umepokewa upesi mno. Wanawake wawili, kila mmoja wa karne tatu hivi, watosha kuutia shaka.

Wa kwanza ni Emilia Marty katika Kesi ya Makropulos, mchezo wa Mcheki Karel Čapek uliochezwa Prague mwaka 1922. Alizaliwa Krete mwaka 1585; babaye, tabibu wa Kaisari Rudolf wa Pili, alimjaribia dawa ya maisha angali msichana. Sasa ana miaka 337, ni mwimbaji asiye na mshindani, na moyo wake umekufa ganzi. Kijana Janek ajiua kwa ajili yake. Habari yamfikia, naye aendelea kutengenezwa nywele. Hapo Čapek atisha kweli. Lakini katika sehemu ya mwisho amsimamisha bibi huyu kama mshtakiwa, aeleze kwa maneno mengi kwamba maisha hayana ladha tena, na hoja yapoa. Nani asingechoka, akibadili jina kizazi baada ya kizazi na kubakiza herufi mbili tu, E na M, huku watoto aliowazaa hawajali?

Wa pili ni Anyanwu, Mwigbo, katika Wild Seed (1980) ya Octavia Butler wa Marekani, hadithi ianzayo mwaka 1690. Huyu hakunywa dawa. Mwili wake hujiponya wenyewe. Amezika waume na watoto wala hakuichoka dunia, kwa kuwa daima yu katikati ya uzao wake, akiwatibu na kuwalinda. Mwenye upweke ni Doro, wa maelfu ya miaka, ambaye huvaa miili ya watu kama nguo na kuwaua. Mwishoni Anyanwu aazimia kufa, si kwa kuchoshwa na maisha bali na Doro. Naye Doro amsihi, akubali kupunguza mauaji, na Anyanwu abaki.

Suluhu hiyo yaweza kusomwa kuwa ushindi wa mapenzi. Yaelekea ina uchungu kuliko hivyo. Katika mchezo wa Čapek, msichana Kristina aichoma karatasi ya dawa, na hofu yaisha. Anyanwu hana karatasi ya kuchoma: akaa na muuaji wa watu wa nyumbani mwake kwa sababu, wote wengine wakiisha kufa, huyo ndiye pekee atakayekuwapo wa kumjua.