Mto Mara Nje ya Darasa: Uhakiki wa Maudhui ya Jiografia katika Shule za Sekondari za Musoma, Bunda na Butiama

Katika mada ya mabonde ya mito, wanafunzi wamezoea kufundishwa Tennessee, Marekani, na Rufiji. Mto Mara, unaotoka Mau nchini Kenya na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, hutajwa kwa kupita tu. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, maelezo yaliyotiliwa shaka na wengi. Kuyapima kulihitaji ujuzi wa ardhioevu, mtiririko wa maji na oksijeni, yaani Jiografia yenyewe. Tennessee ibaki, kuishia huko ni upungufu, tena wa ajabu Butiama, alikozaliwa mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea (1967). Bunda nako, mpaka wa Serengeti ni njia ya tembo waingiao mashambani kabla ya kuwa mstari wa ramani.