Wasichana Wasiofukuzwa

Wiki hii nimeitazama The Belles of St. Trinian's mara mbili, hosteli, taa zikiwa zimezimwa. Ni filamu ya Uingereza ya mwaka 1954, ya Frank Launder, iliyotokana na vikaragosi vya Ronald Searle. Wasichana wa bweni wanatengeneza pombe kali kwenye maabara ya kemia na kucheza kamari ya farasi. Mwalimu mkuu, Bi Fritton, ameigizwa na mwanamume, Alastair Sim, ndani ya gauni, kwa ustadi unaokusahaulisha hilo.

Mara ya kwanza nilicheka hadi nikamwamsha mwenzangu wa chumba. Mara ya pili nikagundua jambo: hatumwoni msichana akifukuzwa. Shule haina fedha, kwa hiyo makosa mengi yanavumilika.

Nami nilisoma bweni, nikitokea Bugwema. Tulikuwa wanne kutoka kwetu. Mmoja alipogundulika mjamzito, alifunga tranka lake kabla ya chai ya saa nne. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana kama yeye warudi darasani, mwanawe alikuwa na miaka miwili.

Wapo wanaoiita filamu hii upuuzi mtupu. Mimi naona kasoro nyingine: wasichana wamebaki kundi, na majina tunayoyakumbuka ni ya watu wazima. Lakini imewapa kitu ambacho mwenzetu hakupewa: kukosea leo, na kesho kengele ikilia, wawe bado wamo mstarini.