Mlonge na Ubuyu Ndani ya Pakiti Moja: Nani Alichelewesha Jambo Hili?

Jamani, mambo ndiyo haya! Nimefungua pakiti ya unga wa majani ya mlonge uliochanganywa na unga wa ubuyu, nusu kwa nusu, na hukumu yangu naitoa mapema kwa sababu siwezi kuizuia: katika virutubisho vyote vya mimea na madini vilivyopita mezani kwangu, hiki ndicho cha kwanza kilichonifanya nisome lebo huku natabasamu. Viungo ni viwili tu. Hakuna sukari, hakuna rangi, hakuna ile ladha ya chungwa la kiwandani. Na viungo hivyo havikukutanishwa kwa kubahatisha. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na pengo lenyewe ni kubwa kuliko wauzaji wengi wa mlonge wanavyopenda kukiri.

Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa utamu wa habari hii hauko kwenye chapa. Ukishaelewa kwa nini mchanganyiko huu unafanya kazi, unaweza kununua wa yeyote aliye makini, au ukachanganya wako jikoni.

Ukifungua tu

Rangi kwanza. Mlonge mzuri una kijani kinachong'aa, na hapa weupe wa ubuyu umeipoza kidogo ikawa kama ya parachichi lililopondwa. Nimefurahi! Rangi hiyo ina maana kwamba majani yalikaushwa kivulini. Majani ya mlonge yakianikwa juani hugeuka kahawia, na pamoja na rangi huondoka sehemu kubwa ya karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo ukiona unga wa mlonge wenye rangi ya tumbaku, rudisha mkono mfukoni.

Nikachukua kidogo nikausugua kati ya vidole. Mlonge ni laini kama poda, ubuyu una chembechembe kidogo. Harufu inaanza na majani makavu, kisha uchachu wa ubuyu unaingia kwa nyuma na mate yanajaa mdomoni kabla hujaonja. Ukionja mkavu, mlonge unakuja na ule ukali wa mbali unaokumbusha figili, halafu ubuyu unaufunika papo hapo. Waliowahi kunywa mlonge mtupu kwa maji wanajua ninachozungumzia: ladha ya majani inayong'ang'ania kooni. Humu haimo. Ubuyu umeimaliza!

Kuukoroga kuna siri yake. Ukiumwaga juu ya glasi ya maji, unaelea, unashikamana vidonge vidonge, na utakoroga hadi mkono uchoke. Weka unga kwanza kwenye kikombe, tia maji vijiko viwili, vuruga mpaka uwe uji mzito usio na madonge, ndipo uongeze maji mengine. Juu kunatokea povu jepesi la kijani, chini unabaki mchanga kidogo wa ubuyu. Kunywa vyote, mchanga ule ndio nyuzinyuzi zenyewe.

Kilichomo ndani

Sasa tuingie kwenye madini, na hapa mlonge si mchezo. Takwimu zinazonukuliwa zaidi duniani ni zile zilizosambazwa na Lowell Fuglie, aliyefanya kazi ya lishe ya mlonge nchini Senegali mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa mujibu wake, gramu 100 za unga wa majani zina takriban gramu 27 za protini, miligramu 2,000 za kalisi, miligramu 1,300 za potasiamu, miligramu 368 za magnesi na miligramu 28 za madini ya chuma. Soma tena hiyo ya kalisi! Maziwa ya ng'ombe, kwa uzito huohuo, yana kama miligramu 120 tu.

Lakini hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku, na hapo ndipo matangazo mengi hukupiga chenga. Tupige hesabu ya matumizi halisi. Vijiko viwili vya chakula vilivyojaa vya mchanganyiko huu ni karibu gramu 20, yaani gramu 10 za mlonge na gramu 10 za ubuyu. Mlonge huo unakupa takriban miligramu 200 za kalisi, ambazo ni moja ya tano ya mahitaji ya mtu mzima ya miligramu 1,000 kwa siku, ingawa mwili hauichukui yote. Unakupa pia karibu miligramu 2.8 za chuma. Viwango vya Marekani vinataka mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apate miligramu 18 kwa siku, kwa hiyo umeshapata kama asilimia 15 kutoka kwenye kikombe kimoja cha asubuhi. Kwa kitu kinachoota uani, mimi naita hiyo kazi kubwa!

Na chuma si jambo dogo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii Tanzania wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si kila upungufu wa damu unatokana na uhaba wa chuma, maana malaria na minyoo nao wana mkono wao, lakini sahani ya ugali na mboga isiyo na nyama ina mchango wake.

Pengo la mlonge, na ubuyu unavyoliziba

Hapa ndipo nilipochoka kabisa kwa furaha. Mabango ya mlonge hupenda kusema majani yake yana vitamini C mara saba ya chungwa. Msingi wake ni majani mabichi, ambayo yametajwa kuwa na miligramu 220 kwa gramu 100, ingawa hata hiyo ni kama mara nne tu ya chungwa. Yakikaushwa na kusagwa? Takwimu zilezile za Fuglie zinaonyesha miligramu 17 tu. Yaani vitamini C karibu yote imepeperuka njiani, na bado bango linaning'inia dukani juu ya kopo la unga mkavu!

Hasara hiyo inauma zaidi kuliko inavyoonekana. Chuma cha kwenye mimea hakifanani na cha kwenye nyama. Utumbo hukichukua kwa shida, na vitu kama faiteti zilizomo kwenye nafaka na majani hukishika kisipite. Kinachokifungulia mlango ni vitamini C. Ukiwa na chuma cha majani bila vitamini C, sehemu kubwa inapita tu na kutoka.

Sasa mtazame ubuyu. Mbuyu hauhitaji mtu wa kuukaushia tunda lake. Nyama ya ubuyu hukaukia palepale mtini, ndani ya gamba gumu, gizani, bila jua kuigusa wala moto. Ukivunja gamba unakuta mabonge meupe yaliyo tayari kusagwa, na vitamini C bado imo. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya mti na mti, lakini miligramu 200 hadi 300 kwa gramu 100 ni jambo la kawaida, wakati chungwa lina kama 50. Katika vijiko vyetu viwili, ubuyu unaleta vitamini C ya miligramu 20 hadi 30, na unaileta kwenye kikombe kilekile chenye chuma cha mlonge, kwa wakati uleule. Mlonge unabeba madini, ubuyu unabeba ufunguo. Mtu aliyefikiria kuviweka pamoja apewe maua yake!

Tena ubuyu hauji mikono mitupu. Karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, na sehemu kubwa ya hizo ni zile zinazoyeyuka majini, zinazolainisha choo na kukufanya usikie shibe mapema. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Wakati watoto wa Dodoma, Kitui na Kilifi walikuwa wanaumung'unya tangu enzi, Wazungu wamegundua juzi na wanaununua kwenye vikopo vya bei mbaya.

Ila tuelewane: siuzungumzii ule ubuyu mwekundu wa sukari na rangi unaouzwa kwenye vifuko. Ule naupenda, lakini ni peremende.

Namna ya kuutumia usipoteze kitu

Vitamini C haivumilii moto, kwa hiyo usiupike unga huu. Ukiutia kwenye uji, epua kwanza, acha upoe hadi unyweke, ndipo ukoroge. Uji wa karanga ni chaguo langu la kwanza, kwa sababu karotini ya mlonge inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe, na karanga zinayo. Maziwa ya mtindi nayo yanakwenda vizuri, yale ya uchachu yanashikana na ubuyu ukadhani vilizaliwa pamoja. Mchana unaweza kunyunyiza kijiko juu ya maharage yaliyokwisha kupakuliwa. Chuma cha maharage nacho kinafaidi ubuyu.

Kitu kimoja cha kuachana nacho ni chai ya rangi pamoja na mlo huo. Tanini za chai hukamata chuma na kurudisha kazi yote nyuma. Chai iache mpaka saa moja au mbili zipite. Na anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku kabla ya kupanda. Ukianza na vijiko viwili vya chakula kwa papara, tumbo litakwambia!

Breki kidogo

Nimesisimka, lakini sijapoteza akili. Hiki ni chakula cha kuongezea lishe, si dawa. Vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa mama mjamzito kliniki vina miligramu 30 hadi 60 za chuma kila kimoja, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Linganisha na 2.8 za kikombe chetu. Anayekwambia uache vidonge vya kliniki kwa sababu ya mlonge anakupoteza, mama. Vivyo hivyo kwa mtoto anayeharisha: tangu 2004 Shirika hilo na UNICEF wanapendekeza zinki ya kidonge siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi, na hakuna unga wa jani unaochukua nafasi hiyo.

Kuna watu wanaopaswa kuongea na daktari kwanza. Wa kwanza ni anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini, maana majani ya kijani yana vitamini K inayovuruga kipimo chake. Wa pili ni mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu. Wa tatu ni anayetumia dawa za kisukari au presha, kwa kuwa mlonge unaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo kushusha sukari au presha. Na mjamzito asiguse kabisa mizizi wala magome ya mlonge. Majani na mizizi havina hukumu moja, hata kama vinatoka mti mmoja.

Ukienda kununua, angalia kijani, tarehe ya kusagwa na alama ya ubora, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Pakiti iwe isiyopitisha mwanga. Yangu, kwa masikitiko, ina kidirisha cha plastiki mbele ili mteja aone rangi. Kidirisha hichohicho ndicho kinachoruhusu mwanga wa dukani kuiharibu hiyo rangi. Nimehamishia unga kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Na ukikuta lebo inayodai kutibu saratani, Ukimwi na upungufu wa nguvu za kiume kwa pamoja, pita kando. Mlonge na ubuyu havihitaji uongo wa namna hiyo.

Hukumu

Kwa ladha, nane kati ya kumi. Kwa ufungaji, tano, na kidirisha ndicho kilichoiponza. Kwa wazo lenyewe, kumi, tena kumi ya kupigia makofi! Kwa miaka tumekuwa tukiuziwa mlonge peke yake kama muujiza na ubuyu peke yake kama juisi, kumbe vilipaswa kukaa kikombe kimoja. Usipoupata ulio tayari, nunua unga wa mlonge uliokaushwa kivulini, nunua ubuyu mweupe usio na sukari, pima kijiko kwa kijiko, changanya, funika vizuri. Kwa watengenezaji nina ombi moja tu: andikeni kwenye pakiti kiasi cha chuma na vitamini C kilichopimwa maabara kwa kila kundi la unga, kwa vijiko viwili na si kwa gramu 100. Atakayetangulia kufanya hivyo, mimi ni mteja wake wa kwanza mlangoni.