Honolulu haikuushitaki moshi

Mwaka 2008 kijiji cha Kivalina huko Alaska, chenye wakazi wapatao 400, kilizishitaki kampuni 24 za mafuta, makaa ya mawe na umeme. Barafu iliyokuwa ikiukinga ufuko wake dhidi ya dhoruba ilikuwa inachelewa kuganda, bahari inamega ardhi, na kijiji kilitaka kulipwa gharama za kuhama. Kilishindwa. Machi 2020 jiji la Honolulu, Hawaii, lilifungua kesi yake dhidi ya kampuni ambazo baadhi zilikuwa zilezile, zikiwemo Exxon, Chevron, Shell na BP, na hadi Januari 2025 kampuni hizo zilikuwa zimeshindwa kuizima. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo 12 sayansi ilisonga mbele. Lakini mahakama ya rufaa haikuikatalia Kivalina kwa upungufu wa sayansi, na wala Honolulu haikupenya kwa wingi wa vipimo. Tofauti imo katika namna hati ya madai ilivyoandikwa.

Kivalina ililalamikia hasa hewaukaa yenyewe, na ililalamika kwa kutumia sheria isiyoandikwa ya shirikisho. Mwaka 2011, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Sheria ya Hewa Safi imeshachukua nafasi ya sheria hiyo isiyoandikwa: kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya mamlaka ya mazingira, si ya majaji. Mwaka uliofuata rufaa ya Kivalina ikaangukia hapohapo. Hata hivyo uamuzi ule wa 2011 haukugusa sheria za majimbo, na mawakili wa miji waliliona pengo hilo. Honolulu ilikwenda mahakama ya jimbo na kudai kwamba kampuni ziliijua hatari, zikaficha, zikatangaza kinyume chake. Ushahidi wa kujua upo: mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, James Black, aliwaeleza wakuu wake athari za kuchoma mafuta kwa joto la dunia. Kosa linalodaiwa, basi, ni la muuzaji aliyenyamaza na kupotosha.

Kampuni zilielewa mara moja, ndiyo maana zilitumia miaka mitatu kupigania kesi ihamishiwe mahakama ya shirikisho, kwenye ngao ya 2011. Hazikufanikiwa. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Hawaii ikaruhusu kesi iendelee: madai hayakatazi mtu kuuza mafuta, yanamtaka aonye na asidanganye. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuingilia. Kinyume chake, jiji la New York, lililokuwa limelalamikia uzalishaji na uuzaji wenyewe, lilikwishashindwa katika rufaa mwaka 2021.

Wapo wanaouliza: mafuta hayo si yalichomwa na wateja, pamoja na magari ya jiji lenyewe? Yalichomwa, ndiyo. Lakini sigara nazo ziliwashwa na wavutaji, na mwaka 1998 kampuni za tumbaku zilikubali kuyalipa majimbo 46 zaidi ya dola bilioni 200. Mnunuzi aliyefichwa habari habebi mzigo wote. Hoja nzito zaidi ni kwamba fidia kubwa mno hufanya kazi ya kodi, hivyo jiji moja linatunga sera ya dunia kwa mlango wa nyuma. Hii si hoja ya kubeza. Julai 2024 jaji wa jimbo la Maryland aliitupa kesi ya Baltimore kwa mantiki inayofanana nayo. Jibu langu ni kwamba kila fidia huathiri bei ya bidhaa, na hakuna anayesema kiwanda cha dawa kisishitakiwe kwa kuficha madhara eti dawa inauzwa duniani kote.

Mbinu hii ina gharama yake, na mashabiki wake huisemea chini chini. Kuonyesha kwamba moshi unapandisha bahari ni rahisi kuliko kuonyesha kwamba ukweli, ungesemwa mapema, ungepunguza uchomaji wa mafuta kiasi cha kuokoa barabara fulani ya Honolulu isifurike. Kivalina haingehitaji kuthibitisha hilo, Honolulu inalazimika. Uamuzi wa 2025 uliifungulia mlango wa kusikilizwa tu, na hadi siku hiyo hakuna serikali ya mtaa Marekani iliyokuwa imeshinda fidia mahakamani kwa madai ya namna hii.