Kochi la mninga halianzi na kitambaa

Mtu anayepeleka makochi ya zamani kwa fundi mjini Tabora huanza kwa kuuliza rangi za vitambaa. Fundi makini ana haraka nyingine. Anatoa mito yote, anashika egemeo kwa mkono mmoja na mguu wa mbele kwa mkono wa pili, kisha anasukuma kimshazari. Kochi likilia, habari ya kitambaa inawekwa kando.

Makochi yenyewe yanajulikana: fremu ya mninga iliyo wazi, mikono mipana inayobeba kikombe cha chai, fito chini, na mito ya sponji iliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Wenye nayo wengi huyaona yamepitwa na wakati, huyatupa stoo au huyauza kwa bei ya kuni, halafu hununua sofa nene ambazo ndani yake ni mbao laini zilizofichwa kwa sponji na stepo. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mninga huota polepole mno. Mti huchukua muda unaokaribia karne kufikia unene wa kupasua mbao nzuri, na leo kuuvuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Misitu ya miombo ya Tabora imekatwa pia kwa miaka mingi ili kukaushia tumbaku. Fremu iliyolala stoo ni mbao ambayo mwenye nyumba hataipata tena kwa urahisi.

Unyamwezi, nchi ambamo Tabora imo, una historia ya viti visivyo na kiungo hata kimoja. Kiti cha enzi cha mtawala wa Buruku, kazi ya karne ya 19 ambayo sasa imo kwenye Makumbusho ya Ethnolojia mjini Berlin, kilichongwa kutoka gogo moja: miguu, kikalio na egemeo refu lenye umbo la mtu. Kiti cha namna hiyo hakilegei, maana hakuna cha kulegea. Lakini kikipasuka, ufa hufuata nyuzi za mti na hakuna kipande cha kubadilisha. Kochi la seremala ni kinyume chake. Limeungwa kwa ndimi zilizoingia kwenye matundu, na kila ulimi ukilegea unaweza kuchomolewa, kusafishwa na kurudishwa.

Kiungo kinachoumia kwanza karibu siku zote ni kile cha mguu wa nyuma na mbao ya ubavuni. Mtu akijitupa na kuegemea, uzito wote hugeuka nguvu ya kung'oa pale. Kosa si la mti: mninga ukikauka hupungua kwa chini ya asilimia 3, wakati mwaloni wa Ulaya hufika hata 8 kwa upana. Masika ya Tabora na kiangazi chake kikavu havimtishi sana mninga. Gundi ndiyo huchoka, na mwenye nyumba humaliza kazi kwa kupigilia msumari.

Msumari huo ni balaa. Hauzuii ulimi kucheza; hukaa katikati yake na kuupasua kidogo kidogo kila mtu anapokaa. Ndiyo maana kazi ya nyumbani huanza kwa koleo, siyo kwa nyundo. Misumari ikishatoka, kila kipande huandikwa namba kwa chaki kabla ya kutenganishwa, kwa kuwa miguu miwili inayofanana machoni aghalabu haifanani kwenye matundu. Gundi kuukuu hulainishwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, kisha hukwanguliwa kwa patasi mpaka mbao yenyewe ionekane. Hapa pasifanywe uvivu: gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka. Ulimi uliopwaya hubandikwa kibanzi chembamba cha mninga kila upande, kikauke, halafu upunguzwe kwa msasa hadi uingie kwa kusukumwa kwa kiganja. Ukihitaji nyundo, umezidi.

Gundi mpya ikishapakwa na vipande kurudishwa, wasio na jiliwa ndefu za kubania fremu wana tyubu ya baiskeli, na Tabora haina uhaba wa baiskeli. Ikatwe iwe mkanda mrefu, izungushwe fremu nzima huku ikivutwa; kila mzunguko huongeza mbano. Kabla gundi haijashika, fremu ipimwe kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, kochi limepinda na litayumba sakafuni hata kama viungo vyote ni vipya. Lisikaliwe mpaka kesho yake.

Vanishi ya zamani hutoka vizuri kwa kukwangua na ukingo wa kipande cha kioo, kisha msasa namba 80, 120 na 180 kufuata nyuzi. Pua na mdomo vifungwe, kwani vumbi la mninga huwasha macho na kifua. Kazi ikifika hapo, rangi ya mbao hubadilika ghafla: chini ya weusi wa miaka hutokea kahawia yenye michirizi ya wekundu.

Kumalizia kwake, mkoa wenyewe una jibu. Nta ya nyuki ya nchi hii iliuzwa nje tangu enzi za Wajerumani, ambao reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji ya moto inatosha. Ikishaepuliwa na kupelekwa mbali na moto, huchanganywa na tapentaini mpaka ikipoa iwe laini kama siagi, kisha husuguliwa kwa kitambaa. Udhaifu wake ni kikombe cha moto, ambacho huacha duara jeupe. Busara ni kupaka vanishi kwenye mikono ya kochi na nta kwingine, au nta juu ya vanishi. Vanishi juu ya nta haishiki kamwe.

Mito ndiyo kazi nyepesi. Kabla ya sponji, ambayo msingi wake wa kikemia uligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, watu walijaza sufi. Sponji ya duka ipimwe kwa uzito, si kwa unene: vipande viwili vya kipimo kimoja vikiwekwa mkononi, chepesi ndicho kitakachobonyea mapema. Ikatwe pana kuliko mfuko wake kwa sentimita moja au mbili ili kitambaa kikazike. Mfuko wa zamani usitupwe; ukifumuliwa mishono na kupigwa pasi, unakuwa kipimo kamili cha kukatia mpya. Zipu ikae nyuma, na manyoya ya kitambaa yaelekee upande mmoja kwenye mito yote, la sivyo mwanga wa dirishani utaonyesha rangi mbili kwenye kochi moja.