Etiketi Si Kipimo

Etiketi ya plastiki haikustahili kamwe kuwa ushahidi wa asili ya koltani ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na aliyeipa cheo hicho alikosea tangu mwanzo. Utaratibu ulikuwa huu: ofisa alifunga etiketi yenye namba mdomoni mwa gunia, akaandika uzito na jina la machimbo daftarini, mzigo ukateremka hadi kontwari, yaani nyumba ya kununulia madini, ya Goma. Kuanzia hapo kila mtu alisoma namba. Mchanga wenyewe haukuulizwa kitu. Anayetaka kudanganya hahitaji kujua madini, anahitaji etiketi tu. Waasi wa M23 waliteka Rubaya, mji wa machimbo ya koltani huko Masisi, mwishoni mwa Aprili 2024, na kabla mwaka haujaisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti tani zisizopungua 150 za koltani kuvushwa kimagendo hadi Rwanda na kuchanganywa na mali ya huko. Mali ikishachanganywa hivyo, etiketi mpya inaitakasa.

Linganisheni na wanaopima kweli. Mwaka 2015 mwanafizikia Tetienne na wenzake walichunguza tabaka la kobalti, chuma na boroni lenye unene wa nanomita 1, lililolazwa juu ya tantali, metali ileile inayotoka kwenye koltani. Walipitisha juu yake ncha ya almasi yenye atomu ya nitrojeni kando ya nafasi tupu. Mwanga mwekundu wa ncha hiyo hubadilika kadiri uga wa sumaku unavyobadilika. Kabla ya kuamua kama mpaka kati ya maeneo ya sumaku ya tabaka hilo ni wa aina ya Bloch au ya Néel, walipima kwanza ukingo wa tabaka lenyewe, wapate umbali wa ncha na nguvu ya sumaku. Rejea ilitoka ndani ya kitu kinachopimwa.

Kwa koltani njia hiyo ya fikra ipo. Frank Melcher na wenzake wa BGR, taasisi ya jiolojia ya Ujerumani iliyoko Hannover, walilinganisha chembe za madini na sampuli za machimbo yanayojulikana. Wao ndio waliostahili usukani. Wakaachiwa kazi ya kusaidia ukaguzi. Nitajibiwa kwamba maabara ni ghali, inachelewesha biashara, na mchanganyiko huvuruga alama. Ni kweli, na baada ya kuyeyushwa alama hupotea kabisa. Lakini hizo ni sababu za kuchukua sampuli mapema na kwa kushtukiza, gunia moja moja, kabla ya mzigo kuondoka kontwari. Kipimo chenye mipaka hudanganywa kwa taabu. Etiketi hudanganywa kwa mkasi.